Siku Lori Langu Liliponyamaza

Lori langu lilikuwa mlevi wa dizeli, na ulevi huo nililifundisha mwenyewe. Nilipolinunua nilimwambia fundi afungue pampu mpaka mwisho. Kwetu Tarime gari la kimya linadharauliwa. Likipanda mlima lazima lingurume, litoe moshi mweusi, ng'ombe wakimbie barabarani. Sifa tu, nakiri.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sikumwambia mtu. Mama yangu anaishi peke yake Turwa, na macho yake yameingia ukungu. Mngurumo ule ndio uliokuwa unamwambia kwamba nimerudi mzima kutoka Nyansurura, ninakobeba mahindi. Akiusikia tu, anabandika maji ya ugali. Nikifika nakuta maji yanachemka, naye anacheka jikoni.

Mwaka huu nikashindwa. Lori lilikula kila nilichopata, nikaanza kufikiria kuliuza. Kabla ya hapo nikalipeleka kwa fundi wangu wa Nyamisangura, mzee mwenye ulimi mkali.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mura, kijana wangu, hili gari unaliendesha au unalichinja?"

Akainua kichwa cha lori, akasafisha nozeli moja moja, akarekebisha taimingi ya pampu. Kisha akaikaza skrubu ileile ya pampu aliyoifungua mwenyewe zamani, bila hata aibu. Nilisimama pale nimenuna. Niliona kabisa ananihasia fahali wangu, na nikamwambia hivyo.

"Maksai ndiye anayelima," akanijibu, anafuta mikono. "Fahali kazi yake kelele. Kaa gia ya juu, mguu mwepesi, mwendo mmoja. Usiukimbilie mlima, utakungoja."

Kesho yake nikaenda Nyansurura hivyohivyo. Jamani! Miaka yote sikujua kwamba barabara ile ina sauti. Nilisikia kengele za ng'ombe, nikasikia upepo kwenye mahindi, nikasikia hata pumzi zangu. Vilima vilikuja polepole, vikapita polepole, na darajani Mto Mara ulikuwa unateremka na rangi yake ya udongo, hauna haraka na mtu. Sijui kama nilikuwa macho au naota. Nilirudi na mzigo, naangalia mshale wa mafuta, haujashuka kama nilivyozoea. Nikaimba peke yangu.

Nilifika Turwa jua bado lipo. Jikoni hakukuwa na moshi. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, ameelekea barabarani, mikono ameikaza kifuani, midomo inacheza. Gari langu alilisikia kama gari la mtu mwingine, akainua kichwa, akakishusha. Sikuwahi kuiona ile sura yake. Kumbe kila safari ndivyo alivyokuwa anakaa, na mngurumo ulikuwa unamwondolea hofu kabla sijafika. Nililia kidogo mlemle garini, sioni haya kusema.

"Shikamoo, mama."

Akashtuka. "Mwanangu! Umekuja kwa miguu? Gari limeanguka?"

"Lipo hapa. Limetengenezwa, halinywi tena."

Nikamshika mkono, nikampeleka. Akaupapasa mlango wenye vumbi, akaegemeza sikio.

"Limekuwa zuri," akasema. "Sasa mimi nitajuaje?"

"Nitapiga honi, mama."

"Honi kila mtu anayo."

Lori sikuliuza, na ile skrubu sikuigusa. Kutoka Nyansurura mpaka karibu na mjini mguu wangu ni mwepesi, naota zangu barabara nzima. Ila nikifika kilima cha kuingia Turwa narudi gia ya tatu, nakanyaga mpaka chini. Halingurumi kama zamani, lakini mama ameshaijua sauti mpya. Fundi amepata habari, anasema naharibu kazi yake. Aseme tu. Dizeli ya kilima kile siihurumii.

Nikifika, maji yanachemka.