Picha Isiyofanana na Mama

Askari alitazama picha kwenye kitambulisho cha Mama, akamtazama Mama mwenyewe, kisha akarudia tena.

"Huyu si wewe," alisema.

Tulikuwa kwenye kizuizi cha Lusahunga, njiani kutoka Ngara kwenda hospitalini Biharamulo. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Kila basi lililotoka upande wetu lilisimamishwa na abiria wakashushwa, kwa kuwa mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mama alifundisha shule ya msingi kule Mugoma, na picha ile ya kitambulisho cha kazi ilipigwa nilipokuwa bado nabebwa mgongoni.

Ukweli ni kwamba askari hakuwa na kosa. Pichani alikuwa msichana wa uso mwembamba. Mbele yake alisimama mwanamke mwenye taya lililochomoza, pua pana, meno yaliyoachana na sauti nzito ya kiume. Mabadiliko yalikuja polepole mno, sisi wa nyumbani hatukuyaona. Pete ya ndoa ilibidi ikatwe kwa msumeno. Viatu alikuwa akivaa vya Baba. Majirani walisema amerogwa. Yeye alilalamikia kichwa tu, na miezi ya karibuni macho, maana alianza kugongana na watu waliompitia ubavuni. Ndiyo sababu ya safari yetu.

"Ni mimi, mwanangu," Mama alisema. "Mimi ni mwarimu."

Darasani hakukosea neno hilo hata siku moja. Hofu ndiyo iliyomponza, akalitamka kama wakimbizi.

"Mwarimu!" Askari alicheka, kisha uso ukamkauka. "Nani kakuuzia hiki kitambulisho?"

Nilifunga mdomo. Kihangaza chetu kinakaribiana sana na Kirundi cha wakimbizi, na nilijua neno moja tu la nyumbani lingetumaliza. Dereva alipiga honi. Abiria wenzetu walikuwa wamekwisha kupanda, na hakuna aliyetutetea.

"Kaeni kule," askari alisema, akitunyoshea kidole upande wa turubai, walikokalishwa chini waliokamatwa bila vibali. Lori la kuwarudisha kambini lilikuwa linasubiriwa.

Hapo mwanamume mmoja wa kundi lile akasimama. Alivaa koti la kijivu lililochanika kwapa.

"Kaa chini wewe!"

"Nisamehe, afande. Mimi ni daktari. Naomba kuiona hiyo picha."

"Daktari wa wapi?"

"Kwetu nilikuwa daktari. Sasa nasaidia hospitali ya kambi." Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta maneno. "Afande, huyu mama hadanganyi. Anaumwa."

Sijui kwa nini askari alimpa picha. Labda alichoka. Daktari aliitazama kwa muda mrefu, akamrudishia, akashika mkono wa Mama na kuugeuza kiganja juu.

"Viatu vimekuwa vidogo, mama?"

"Ndiyo."

"Kichwa kinauma hapa, nyuma ya macho?"

Mama aliitikia kwa kichwa. Daktari akamwambia atazame mbele tu, asigeuke. Akanyosha mkono pembeni, akawa anatikisa vidole huku akiusogeza mbele taratibu. Mimi niliviona vidole tangu mwanzo. Askari aliviona. Mama alinyamaza mpaka mkono ulipokaribia pua yake, ndipo aliposhtuka: "Naona sasa."



"Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, kama punje ya harage," daktari alisema, sasa akinielekea mimi. "Inaitwa pituitari. Ndiyo inayoamuru mwili ukue. Yake ina uvimbe, unabana mishipa ya macho. Msichelewe. Atapofuka."

Nikachana ukurasa wa daftari langu, nikampa vyote viwili. Aliandika mistari sita, daftari akiwa amelitegemeza gotini. Askari alirudisha kitambulisho bila kumtazama Mama usoni, akatuambia tupande basi. Daktari alirudi chini ya turubai. Katika haraka ile tulisahau hata kumshukuru.

Biharamulo waliisoma karatasi mara mbili, wakatutuma Mwanza, na Mwanza wakatutuma Dar es Salaam. Picha ya kichwa ilionyesha uvimbe pale pale alipotaja yule daktari. Mama alichomwa mionzi kwa wiki kadhaa. Maumivu ya kichwa yaliisha na uvimbe ukaacha kukua. Uso haukurudi ulivyokuwa, wala macho ya pembeni, lakini ya mbele yalibaki, na alirudi kufundisha.

Alipopata nguvu tulikwenda kambini kumtafuta yule daktari. Mlinzi wa getini alituuliza jina. Hatukuwa nalo. Mama alianza kumweleza: mrefu kidogo, koti la kijivu, mikono ya taratibu. Mlinzi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema wapo wengi wa namna hiyo, na wengine wamekwisha kuondoka.

"Basi nitasubiri," Mama alisema. Tukakaa pale getini mpaka jioni, akimwangalia kila mwanamume aliyetoka, akigeuza kichwa chote ili asimkose.