Rupia ya Shingoni Mwangu Imezidi Kung'aa

Mwenye ukurasa, jina langu lifiche kabisa, huku Dodoma tunajuana.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na miwili, mama wa mtoto mmoja. Mume wangu ni mpishi wa Bwana mmoja Mdachi, Mjerumani wa reli. Nilipojifungua mume wangu alinipa rupia ya fedha ya kuvaa shingoni, ameshaitoboa tayari. Wanawake wengi hapa tunavaa rupia, nikafurahi mno. Ila akaniambia, "Usiivae ukipita kwa Bwana." Nikauliza kwa nini, akanuna.

Roho ikakataa kutulia. Watu wa reli walipolipwa mshahara niliazima rupia mpya kwa shoga yangu, nikaziweka zote mbili juani. Ya kwake inang'aa, lakini ina vikwaruzo vya kugongana na wenzake, na mng'ao umeenea kote hadi usoni kwa Kaisari, mfalme wao aliyechorwa juu yake. Yangu? Pale patupu pasipo na picha wala maandishi ni kioo, nikayaona meno yangu! Kaisari mwenyewe ni mweupe asiyeng'aa kama kapakwa unga, na ukingo umesimama unakuna kidole. Nikaenda kwa sonara, nikasingizia ni ya dada yangu. Akaigeuza, kisha akanitazama mimi. "Mama, hii haikupigwa chapa kwa kununulia chumvi. Hizi wakubwa huweka kwenye kisanduku cha mahameli, wanatazama tu. Dada yako kaipata wapi?" Weee! Nikamnyang'anya, nikatoka mbio.

Nilipombana mume wangu akasema Bwana ndiye aliyempa. Muongo mkubwa! Nani anapewa zawadi halafu anamficha aliyempa? Kumbe aliona kila mwanamke ana rupia shingoni, akadhani yangu itapotelea humo humo.

Sasa Bwana amekuta kisanduku chake cha rupia kina pengo. Amemkamatisha mchota maji wake, jirani yetu, masikini ya Mungu asiyejua hata kisanduku kinakaa wapi. Yuko bomani anangoja viboko. Mume wangu anakula na kushiba! Jana kaniambia, "Isugue kwa majivu na mchanga, ifanane na zingine." Nimesugua mpaka vidole vimechubuka. Kioo kimekufa, ila ule ukingo bado unakuna.

Nikisema, baba wa mwanangu anaumia. Nikinyamaza, anaumia asiye na kosa, na mkewe kila asubuhi huja kwangu kuomba moto. Leo kampakata mwanangu, akamwombea kwa Mungu amlindie baba yake. Nililia, akadhani namlilia yeye.

Ndugu zangu, nishaurini, niseme au ninyamaze? Kesho asubuhi atakuja tena kuomba moto.