Nguzo ya Mwisho Gatini kwa Kina Ladnier

Mwisho wa Februari, upepo wa kaskazini ukishachoka na maji ya ghuba yakaanza kupata uvuguvugu, kichwa-kondoo huingia kwenye nguzo za magati. Ni samaki wa mistari mwenye meno kama ya mtu, na duka langu la chambo humtegemea yeye. Majira hayo ndipo alipokuja Verlene Ladnier, mara ya kwanza tangu auze nyumba ya baba yake ya ufukweni. Hakununua kitu. Alisimama kando ya tangi la kaa wadogo wa matope, akawatazama.

Nikamuuliza anataka wangapi. Akasema kaa si shida. Anachotaka ni asubuhi moja tu kwenye gati la kwao, kabla magoti hayajamgomea kabisa.

Mwenye nyumba ile na gati lake sasa ni Pruett, mstaafu kutoka bara, hapendi watu kwake. Ila kamba wazima wa kuvulia anawapata kwangu, na baridi ikirudi huwa hawapatikani. Nikamwambia nitamwekea wake kila Jumamosi, yeye afungue geti mara moja. Akanung'unika, akakubali.

Verlene aliposikia akacheka. "Wewe hata samaki ungemuuzia maji."

Tukaenda maji yakijaa. Alibeba chuma cha kukwangulia, maana kwetu huanzi kuvua hujakwangua vigamba, vile viumbe vidogo vya bahari vyenye ganda gumu, vilivyoganda kwenye nguzo. Vikidondoka, samaki huja kula. Akainama, akakwangua. Chuma kikateleza. Majira yaleyale ya baridi Pruett alikuwa amezivisha nguzo zote plastiki nyeusi ili mbao zisiliwe na wadudu. Kigamba hata kimoja hakikuwepo.

Akavua hivyohivyo mpaka maji yakaanza kutoka. Hakuna samaki aliyegusa chambo.

Pruett akashuka na kahawa, akaona, akaelewa. "Mama, nilidhani nazitunza."

"Umezitunza," Verlene akasema. "Lakini ile ya mwisho ndipo baba alipokuwa akinisimamisha. Ivue nguo hiyo moja."

Nikamvuta Verlene pembeni. Nikamwambia vigamba havitaota vya kutosha kabla ya majira kama haya mwakani, na magoti yake anayajua mwenyewe.

"Nimekuuliza?"

Pruett alikuwa keshalala kifudifudi kwenye mbao, kisu mkononi, tayari kuikata ile plastiki. Verlene akasimama kando yake, akimwonyesha pa kuanzia.