Mkono wa Jezi Namba Nne

Hermance Lacabanne alifua damu ya wanaume kwa miaka ishirini na sita. Kila Jumatatu klabu ya raga ya Castelborde ilimletea jezi kumi na tano kwenye gunia la viazi, nyeupe zote, maana waliochagua rangi hiyo hawakuwa wafuaji. Aliziloweka kwenye maji baridi yenye chumvi. Damu haifuliwi kwa maji ya moto, alikuwa akisema, yanaigandisha ndani ya uzi isitoke tena. Mara moja alikuta jino ndani ya kola, akamrudishia mwenyewe kwenye bahasha.

Mwaka 1979 walicheza nusu fainali na majirani zao wa Montfaugas. Skramu ya kwanza, wanaume wanane wakikaba wanane vichwa chini, ngumi ilipenya kutoka safu ya pili ya Castelborde ikamkuta Roumégous wa Montfaugas usoni, naye mikono yote miwili imebanwa. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu, na jicho likapasuka. Wakapigana wote thelathini, mpaka washika vibendera wakapigwa mateke, na mashabiki wetu wakishangilia, "Wachinjeni!"

Mwamuzi aliona tu kwamba mkono ulitoka safu ya pili. Safu hiyo ina watu wawili: namba nne alikuwa Gatien, mtoto pekee wa Hermance, namba tano Anselme Pujolle, mwashi aliyehamia mwaka uliotangulia. Pujolle aliapa si yeye. Mwenyekiti wa klabu akaapa ndiye. Neno la mgeni lingefua dafu wapi? Akafungiwa kucheza maisha yake yote.

Jumatatu Hermance akafungua gunia. Namba tano ilikuwa na nyasi tu. Namba nne, mkono wa kulia ulikuwa mweusi kwa damu kavu hadi kwenye kiwiko. Kisha akawasha jiko, akauchemsha mkono ule.

Ijumaa Gatien akaja kuchukua jezi za fainali.

"Mama, umefanya nini? Hii haitoki tena!"

"Najua. Nafua tangu hujazaliwa."

"Kila mtu ataona!"

"Basi kaseme mwenyewe kabla hawajaona."

"Fainali, mama! Miaka sabini hatujawahi kuishika Ngao ya ubingwa!"

Akapiga ngumi mlango wa jikoni, ubao ukapasuka. Halafu akaichukua jezi, akaivaa. Siku ya fainali mvua ilinyesha, na kabla ya mapumziko mikono ya jezi zote ilikuwa ya kahawia kwa tope. Wakashinda kumi na mbili kwa tisa. Hermance akamngoja mwanawe aseme. Gatien hakusema, naye mama hakusema.

Ngao zikaja nyingine tatu. Mchezo ukawa wa mishahara, wakaja vijana wa Fiji na Georgia, na jezi zikahamia kwenye mashine. Mwaka 2017 klabu ikafungua chumba cha kumbukumbu, ikawaalika wazee wote, hata Pujolle, aliyepita geti lile kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na minane, na fimbo mkononi.

"Na hili," mkurugenzi akasema, akigonga kioo cha jezi namba nne, "ni tope tukufu la fainali!"

Wakapiga makofi. Gatien, tai ya klabu juu ya kitambi, akacheka kuliko wote.

"Tope hutoka," Hermance akasema kwa sauti. "Hiyo ni damu ya jicho la Roumégous. Niliichemsha mwenyewe."

Pujolle akainua fimbo, na Gatien akajikinga uso kwa mikono miwili. Lakini mzee alimpita, akaenda kusimama mbele ya Hermance.

"Ulijua tangu lini, mama?"

"Tangu Jumatatu ile."

"Mwanao nilimjua siku zote," Pujolle akasema. "Lakini wewe ulikuwa unanijulia hali kila Jumamosi sokoni."