Tairi Gumu Kama Jiwe

Laiti ningemkatalia dada Tabu aliponiambia niongeze upepo kwenye tairi la baiskeli.

"Piga pampu, we mvivu! Likiwa gumu kama jiwe haliwezi kuteleza," alisema akicheka, kisha akapanda nyuma.

Nami niliamini. Ni juzi tu, huko Tunduma, nilipomwona kijana wa bodaboda akipunguza upepo kabla ya kuingia kwenye tope, ili tairi likanyage kwa upana.

Siku ile sisi tuliteremka mlima wa Mbebe katika harufu ya udongo uliolowa, tairi likirukaruka juu ya kokoto kana kwamba haligusi chini. Breki zililia, mwendo haukupungua. Tabu akaacha kucheka. Nilihisi kucha zake mbavuni, halafu sikuzihisi tena.

Alirushwa korongoni kando ya njia, akafia palepale. Sikuwa na dada mwingine.