Kiatu Mkononi

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa ofisini kwetu aliniambia nina bahati, nikatamani kumzaba kofi. Tulikuwa Karen, mtaa wa wenye pesa, kundi la wafanyakazi kutoka Kilimani tunaojidanganya kwamba kukimbia mara moja kwa wiki kutatuondolea vitambi. Kijana alikuwa amevaa vile viatu vyembamba kama soksi, kila kidole na chumba chake, na tangu tushuke kwenye gari alikuwa anahubiri. Ati binadamu hakuumbiwa soli. Ati sponji ndiyo inaharibu magoti ya watu. Msichana mmoja mwenye raba za kisigino kinene akambishia njia nzima, kwamba lami si mchanga na mifupa haina spea. Walirushiana maneno hadi wakanuniana. Ndipo kijana akanigeukia mimi, anatafuta shahidi. "Wewe si ulikulia Satellite? Mlikuwa mnakimbia miguu tupu, ama? Uko na bahati wewe!"

Bahati! Nilimwambia aendelee na mbio zake kabla sijamharibia siku, nikarudi kukaa ndani ya gari nimefura. Lakini wewe tumejuana kitambo, kwa hiyo wacha nikuambie wewe yale niliyommezea yeye.

Satellite ya utoto wangu, mtaa wa pembeni mwa jiji, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ilikuwa matope, ng'ombe na kelele za kinu cha posho. Usidanganywe na watu wanaoikumbuka kwa machozi. Tuliishi kwa Shosho, mama yake mama yangu, kwenye kipande cha shamba ambacho mji ulikuwa umekizunguka pande zote. Alikuwa na ng'ombe mmoja, na mimi ndiye niliyesambaza maziwa. Asubuhi, baridi ya Julai ikiniuma masikio, nilitia chupa kwenye kiondo zikigongana, nikatoka mbio, kwa sababu mteja akishakunywa chai ya rangi hana haja tena na maziwa yako. Nilikimbia miguu mitupu, na haikuwa falsafa. Viatu vya shule havikuruhusiwa kugusa matope, basi. Mvua ikinyesha, watoto wote wa njia yetu walibeba viatu kwenye mfuko wa plastiki hadi getini mwa shule, wakanawa miguu bombani, ndipo wakavaa. Nikirudi kutoka kwa wateja nilipewa uji na kiazi kitamu cha jana kilichopashwa kwenye majivu, nikala nimesimama.

Lakini mbele za watu lilikuwa jambo jingine. Shosho aliichukia miguu mitupu kwa chuki ya kweli. Alikulia na funza. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimeliwa vikabaki vifupi, na alipotusimulia jinsi alivyochokolewa kwa pini huku shangazi zake wamemshikilia, hakucheka hata kidogo. Nyumbani ungekanyaga kinyesi cha ng'ombe mchana kutwa na asikuambie neno. Kanisani, shuleni, hata dukani, hapana. "Kasichana kangu hakatasimama mbele ya watu kama mtoto hana kwao," alisema, na ukijaribu kubisha alikutazama juu chini mpaka ukaenda kutafuta viatu mwenyewe.

Upande wa pili alikuwa mwalimu wa michezo. Filimbi shingoni, goti bovu, na mdomo usiopumzika. Goti hilo, alisema, liliharibiwa na raba za sponji alizopewa enzi zake za kukimbia, na tangu hapo akatangaza vita na kiatu chochote kilichoingia uwanjani. "Sponji ni godoro, na godoro ni la kulalia!" alitufokea kila jioni. Hata aliyekuja na soksi alitimuliwa. Siku niliyokanyaga kigae cha chupa, aliinama akakitoa kwa kucha zake, akasema ngozi itazoea, akanirudisha mbioni damu ikichuruzika. Kovu ninalo mpaka leo. Hiyo ndiyo bahati ninayoambiwa.

Shosho alipopata habari za kigae hakungoja siku ya wazazi. Aliingia shuleni na kitambaa chake cha kanisa kichwani, akamkuta mwalimu mbele ya darasa letu la nane. Hakusalimia. "Mwalimu, kwa mguu umevaa nini?"

"Viatu, Shosho."

"Basi toa zako kwanza, ndio uambie watoto watoe zao."

Darasa lilipasuka kicheko. Mwalimu hakuvua, na hakusamehe pia. Kuanzia siku hiyo hao wawili hawakuamkuana, hata wakikutana njiani ambapo hapakuwa na mahali pa kupishana. Mimi nilikuwa katikati, na usifikiri kuna aliyeniuliza ninaumwa wapi.

Muhula huo zikaja habari. Shule moja ya bweni ya wasichana huko Karen ingeandaa mashindano uwanjani kwake, na mwalimu mkuu wao alikuwa ameahidi kwamba mshindi wa mbio ndefu angepata nafasi ya kidato cha kwanza bila kulipa karo. Kwetu karo ya bweni haikuzungumzwa hata kwa utani. Nilikuwa nalala kitanda kimoja na Shosho, mimi upande wa ukutani, magoti yake mgongoni mwangu, kikohozi chake sikioni. Nikaanza kukiota kitanda cha bweni, kitanda changu, na shuka ambalo hakuna mtu angelivuta. Kwenye mazoezi hakuna msichana aliyenifikia. Mwalimu alilijua hilo na mimi nilijua. Ilibaki siku yenyewe tu.

"Karen?" Shosho alishtuka. "Mbele ya watu wa Karen?" Jumamosi ya wiki hiyo akaenda mtumba, akarudi na raba. Sitazisema vibaya: zilikuwa nzuri. Nyeupe, mstari wa buluu, soli nene ya sponji iliyobonyea ukiifinya. Na zilikuwa kubwa, maana kwetu mtoto hakununuliwa kiatu cha mguu alionao, alinunuliwa cha mguu atakaokuwa nao. Mbele unashindilia gazeti, na mwaka hadi mwaka unapunguza gazeti. Kila mtoto niliyemjua alitembea na habari za juma lililopita kwenye vidole.

Nilimsihi anipe nikazifanyie mazoezi, hata kwenye mbio za kupeleka maziwa. Alinitazama kama nimerukwa na akili. "Unataka kuzimaliza kabla ya siku yenyewe?" Akazifunga kwa kitambaa cha kufuma, akaziweka ndani ya kabati la sebuleni, pamoja na glasi za wageni, akageuza ufunguo. Wiki nzima nilizitazama kupitia kioo nikila githeri. Hiyo ndiyo iliyokuwa akili ya nyumba yetu, na haki ya Mungu bado inanipandisha hasira: kitu kizuri hakizoewi, kinangojewa.

Siku ikafika. Uwanja wao ulikuwa na nyasi ambazo ng'ombe wetu hangeruhusiwa hata kuzitazama. Mwalimu mkuu wa shule ile, mama mrefu mwenye miwani, alikaa chini ya hema na wageni wake. Tayari nilikuwa kwenye mstari miguu mitupu, mwalimu wetu akinisugua mabega, nilipomwona Shosho anakatiza katikati ya uwanja, koti la kanisa, mkoba kwapani, na raba mkononi, bado zimefungwa kwa kile kitambaa cha kufuma. Alinikalisha kwenye nyasi akaupakata mguu wangu mmoja.

"Shosho, tafadhali, hizo hapana," mwalimu akasema, akiishika raba.

"Hizi ndio." Akaivuta.

"Hapa uwanjani huyu ni mtoto wangu."

"Wako? Ulimzaa lini?"

Kiatu kikawa kinaenda huku na huku juu ya kichwa changu. Mwenye bastola ya kuanzishia mbio akaita, akaita tena. Wasichana wa shule nyingine walikuwa wanacheka wazi wazi, na chini ya hema miwani ikageuka ikatuelekea. Nilitaka ardhi inimeze. Mwalimu akaona aibu ya kugombana na mtu wa umri ule mbele ya wageni, akaachilia. Shosho akashindilia gazeti, akafunga kamba mafundo mawili mawili, akanipiga kofi dogo la mgongo. Kisha mlio ukasikika, tukatoka.

Nitasema ukweli hata kama unaniudhi: mwanzoni zilikuwa tamu. Sponji ilinisukuma, chini sikuhisi jiwe wala mwiba, nikadhani Shosho alikuwa na haki. Halafu gazeti likaanza kusogea. Lilijikunja chini ya unyayo, likawa bonge, kisigino kikaanza kuruka nje kila hatua. Hata hivyo wenzangu walikuwa nyuma. Tukaingia mzunguko wa mwisho na mbele yangu hapakuwa na mgongo wa mtu. Niliusikia uwanja unapiga kelele na kitanda changu nilikiona kabisa, na shuka lake.

Kwenye kona, raba ya kushoto ikachomoka, mafundo na yote, ikaenda kugaagaa kwenye nyasi.

"Toa hiyo ingine! Kimbia!" Huyo alikuwa mwalimu, anachechemea ukingoni mwa uwanja.

"Kiatu! Kasichana, kiatu!" Huyo alikuwa Shosho.

Najua wewe ungefanya nini. Ungeendelea. Lakini wewe hukulelewa nyumba ile. Kwetu mtoto angeweza kupoteza kitabu, angeweza hata kupoteza sadaka ya kanisa akaponea kwa kofi. Kupoteza kiatu, tena cha kabatini, hilo halikuwa na adhabu iliyojulikana, kwa sababu hakuna aliyewahi kuthubutu. Mwili wangu uligeuka wenyewe. Nilirudi nyuma, nikainama, nikakiokota, nikakipangusa nyasi, ndiyo, nikakipangusa, na wasichana wakanipita, wa kwanza, wa pili, kisha kundi. Nikamaliza mbio mguu mmoja juu mwingine chini, kiatu mkononi. Sikutaka kujua nimekuwa wa ngapi. Mama mwenye miwani alikuwa ameshasimama kumpa mkono msichana mwingine.

Unadhani walinyamaza? Walinikuta nimekaa chini nahema wakaendelea walipoachia. Mwalimu alimwambia Shosho amenichimbia kaburi kwa sponji. Shosho akamwambia ni yeye aliyenizoesha kukimbia kama mbuzi, ndiyo maana sijui kukaa na kiatu. "Na isitoshe," akasema, akiniinua kwa mkono, "si amerudi na zote mbili?" Alisema kwa fahari. Nyumbani alizipangusa kwa kitambaa chenye maji, akazifunga, akazirudisha kabatini. Mwalimu alinitoa kwenye timu Jumatatu. Nikaenda sekondari ya kutwa karibu na nyumbani, nikaendelea kulala ukutani.

Siku hizi ile ploti yetu ni ghorofa za kupangisha, na njia ya maziwa ni lami ambayo magari yanaipita yakikimbilia Kilimani. Mwalimu alihamishwa, na sijui kama bado yuko hai. Shosho tulimzika na viatu vyake vya kanisa, kama alivyoagiza. Uwanja ule wa Karen sijawahi kuukanyaga tena. Wasichana niliokimbia nao siwajui majina, na wao hawanijui.

Miaka yote hiyo nilikuwa nangoja. Sikutaka pole, na sikutaka mmoja wao akubali kwamba mwenzake alikuwa na haki. Nilingoja neno dogo tu, pale jikoni Shosho akipepeta maharagwe, au njiani nilipokutana na mwalimu akajifanya hanioni. Walinitazama miguu kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, wakabishana juu yake hadi wakazeeka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba kwenye kona ile nilikuwa naongoza. Sasa hakuna mwingine aliyebaki wa kulisema, kwa hiyo nalisema mwenyewe. Nilikuwa wa kwanza. Nilikuwa mbele yao wote.