Barua za Kuwashia Jiko

Bernadine Hruska alikuwa ameandika kwenye karatasi majina ya watu watatu asiotaka wafike kwenye mazishi yake. Wa kwanza alikuwa Wendell Stroup. Wa pili na wa tatu alikuwa Wendell Stroup vilevile, asije mtu akasema hakuona.

Kwa hiyo hali ilikuwa mbaya kwelikweli Oktoba ile, mama huyo wa miaka sabini na mitatu alipopanda ngazi za ofisi ya Stroup, akisimama kila baada ya ngazi tatu kuvuta pumzi. Stroup alikuwa wakala wa bima, wa pekee aliyebaki mjini Brannock tangu mwenzake ahamie Florida. Pia aliwahi kuwa mkwe wa Bernadine, mume wa binti yake Colette, hadi miaka kumi na minane iliyopita, alipomwacha Colette na kwenda kuishi na mwanamke wa duka la mazulia. Colette mwenyewe alishasahau, ana mume mwingine huko Ohio na maisha yanaendelea. Bernadine hakusahau. Alikuwa mpishi wa shule kwa miaka thelathini na mmoja, na hata mtoto aliyemwaga supu sakafuni mwaka 1988 bado anamjua kwa jina.

"Karibu, mama," Stroup alisema, akinyanyuka.

"Mimi si mama yako. Hakimu alishalimaliza hilo."

"Haya, Bi Hruska. Keti."

"Nitaketi nikitaka."

Akaketi, kwa sababu ngazi zilikuwa zimemmaliza pumzi, na jambo hilo lilimuudhi kuliko yote.

Stroup akamsogezea karatasi na kalamu. "Kabla sijazungumzia mpango wowote, sheria inataka usaini hapa kwamba umeniruhusu."

"Uruhusiwe kufungua mdomo?"

"Ndiyo."

"Aliyetunga sheria hiyo anakufahamu. Colette angepewa karatasi kama hii kabla ya harusi, tungepona wote."

Karani wa Stroup, binti mmoja aitwaye Lorna, akainama kutafuta kitu chini ya meza, na mabega yake yakawa yanatikisika. Bernadine akasaini kwa nguvu hadi karatasi ikakaribia kutoboka.

Shida yake ilikuwa hii. Medicare, bima ya serikali wanayoipata wazee wakifika miaka sitini na mitano, hailipi kila kitu. Kwa miaka sita Bernadine alikuwa akiziba pengo hilo kwa bima ya nyongeza, ghali, lakini isiyomuuliza anatibiwa wapi. Kisha, Novemba ya mwaka juzi, kijana mwenye sauti tamu akampigia simu na kumwita "mpenzi". Alikuwa na mpango wa kampuni binafsi wa kuchukua nafasi ya bima zote mbili: miwani bure, meno bure, na kadi ya kununulia chakula. Bernadine alikubali huku anakoroga kabichi na tambi jikoni. Hakumwomba mtu ushauri, kwa sababu wa kumwomba ushauri mjini alikuwa mmoja tu, na jina lake lilikuwa kwenye ile karatasi ya mazishi.

Meno aliyapata, tena mazuri. Lakini kiangazi cha mwaka huu mlango mmoja wa moyo wake ulianza kubana. Daktari Feldkamp wa Pittsburgh, yule aliyemtibu marehemu mumewe Emil hadi siku ya mwisho, akasema apasuliwe upesi, kabla baridi haijakaza. Kampuni ikajibu kwamba hospitali ya Feldkamp haimo tena kwenye orodha yake. Aende nyingine, mwendo wa saa tatu, asubiri nafasi ya mwezi Machi. Kila usiku sasa alilala ameegemea mito minne, na hakuwa na hakika ya kuiona Machi.

"Nirudishe kwenye bima yangu ya zamani," alisema. "Leo hii. Meno yao wakiyataka waje wayang'oe."

Stroup alivua miwani. "Hairudi hivyo. Mtu akijaribu mpango wa kampuni kwa mara ya kwanza anapewa mwaka mmoja. Ndani ya mwaka huo anarudi kwenye nyongeza yake ileile na haulizwi habari za afya. Mwaka wako uliisha Desemba iliyopita. Sasa ukiomba watakuuliza kwanza, na kwa moyo huo, watakukataa."

"Na wewe ukanyamaza!"

"Nilikuandikia."

"Mwongo."

"Mara tatu. Ulikuwa unaonyesha meno mapya kanisa zima, nikajua umehamishwa. Sheria hainiruhusu kumpigia simu mtu ambaye hajanialika, wala kugonga mlango wake. Barua tu."

"Mwongo mkubwa wee! Hata Colette ulimwandikia kwamba uko mkutanoni Harrisburg!"

Shingo ya Stroup ilibadilika rangi. "Lile nilistahili. Hili sistahili." Akageuza kompyuta ili Bernadine aone. "Huu hapa mpango mwingine. Hospitali yako imo, Feldkamp yumo. Unaanza Januari mosi, na mwisho wa kusaini ni Desemba saba. Haufikii bima yako ya zamani, lakini utapasuliwa Januari."

"Mbele yako wewe sisaini tena kitu. Nikifa, nife na akili zangu."

"Hiyo chuki iache hapa mezani, nitakutunzia. Saini kwanza."

Bernadine alibamiza mlango hadi kioo kikalia. Kisha alishika nguzo ya ngazi kwa dakika nne, akiomba asitokee mtu wa kumwona.

Brannock nzima hupasha joto nyumba kwa jiko la kuni, na kila vuli kampuni za bima humimina barua kwenye visanduku vya posta. Hakuna anayezisoma. Zile zenye karatasi ya kung'aa hutupwa, maana zinatoa moshi tu, na za karatasi ya kawaida huwekwa kwenye boksi kando ya jiko kwa kuwashia moto. Bernadine alikuwa na boksi kama hilo. Alitia barua kwa juu na kuchota kwa juu, hivyo chini kabisa palikuwa hapajaguswa tangu mwaka jana. Alilipindua sakafuni bila hata kuvua koti. Alitaka kumnasa Stroup na uongo wake, kisha amtangaze kanisani Jumapili.

Aliikuta karibu na mwisho. Bahasha nyeupe, mwandiko ulioinama kushoto, uleule wa kadi za shukrani za harusi ya Colette. Tarehe ilikuwa Novemba kumi na nne ya mwaka uliopita.

*Bi Hruska, najua hutaki kuniona. Una hadi Desemba 31 kurudi kwenye bima yako ya zamani bila kuulizwa afya. Baada ya hapo basi. Huna haja ya kuja kwangu. Piga namba hii ya washauri wa serikali, watakusaidia bure. Mimi sipati chochote hapa. Tafadhali. W. Stroup.*

Aliisoma mara mbili. Zile nyingine mbili alikuwa amezichoma kwa mkono wake mwenyewe, na zilishika moto vizuri. Kama angefungua hata moja, angekuwa ameshapasuliwa Septemba, na leo angekuwa anasukuma unga wa mikate ya njugu badala ya kukaa chini anahema. Aliona aibu, na aibu ikamkasirisha upya. Alimchukia Stroup kuliko alivyomchukia asubuhi, kwa vile alikuwa amesema kweli. Ilimchukua muda mrefu kuinuka na kuifikia simu.

"Stroup," Bernadine aliita.

"Bi Hruska."

"Nimeiona moja."

Bernadine akairudisha barua kwenye bahasha.

"Sijasema samahani. Nimesema nimeiona."

"Nimesikia."

"Hiyo fomu bado ipo?"

"Ipo. Njoo kesho saa nne."

Bernadine alizifikiria zile ngazi. Aliweka mkono kifuani.

"Siwezi kupanda," alisema mwishowe.

"Basi nitakuletea. Ila lazima unialike."

"Si nimeshasema siwezi kupanda?"

"Huo si mwaliko. Lorna anaandika hapa, na sheria inataka—"

"Njoo, basi!"

"Hiyo ni amri."

Bernadine akafumba macho. Jina lake la kwanza hakuwa amelitamka kwa miaka kumi na minane, ila kwa kulilaani.

"Wendell," alisema, "nakualika nyumbani kwangu."

"Asante. Nakuja sasa hivi."

"Na usithubutu kukalia kiti cha Emil."